Cheruiyot si ukoo: Jinsi saa ya kuzaliwa ilivyogeuka ubini katika Bonde la Ufa

Hebu simama stejini mjini Nakuru, pale magari ya Kericho, Bomet na Kabarnet yanapopakia abiria, kisha uite kwa sauti, "Cheruiyot!" Atageuka makanga. Atageuka mzee aliyekwisha kukaa dirishani na gazeti lake. Mwanafunzi atavua visikizi masikioni. Waulize basi kama wao ni watu wa nyumba moja, nao watakucheka, maanake hata hawatoki kata moja, wala koo zao si moja.

Nimeanza na Cheruiyot kwa sababu ndilo jina ninaloulizwa zaidi. Mtu akijua kwamba natoka pande hizi za Bonde la Ufa, hakawii kuuliza: Aaron Cheruiyot, seneta wa Kericho, ni nani kwake Vivian Cheruiyot aliyeshinda dhahabu ya mita 5,000 mjini Rio mwaka 2016? Na Timothy Cheruiyot, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 mjini Doha mwaka 2019, ni ndugu yao? Evans Cheruiyot aliyeshinda marathoni ya Chicago mwaka 2008 je? Swali hili lina mantiki kwa mtu aliyezoea Kennedy wa Marekani, au hata Mazrui wa Mombasa, ambako ukilisikia jina unajua ni mlango gani wa kubisha hodi. Huku kwetu jina hilo halikuundwa kujibu swali la ukoo. Liliundwa kujibu swali jingine kabisa: ulizaliwa saa ngapi?

Ukitaka kuona vurugu inayotokea jina la namna hiyo linapofanywa kuwa jina la ukoo, itazame Boston. Mwaka 2003 mshindi wa marathoni ya mji huo alikuwa Robert Cheruiyot. Akashinda tena mwaka 2006, akashinda 2007, akashinda 2008. Mwaka 2010 Robert Cheruiyot akashinda kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 52, akaivunja rekodi ya njia hiyo ya 2:07:14 iliyokuwa imewekwa mwaka 2006 na, nani tena, Robert Cheruiyot. Msomaji ambaye hakufuatilia mashindano hayo angedhani ni bwana mmoja aliyejishinda mwenyewe.

Kumbe ni wawili. Wa kwanza ni Robert Kipkoech Cheruiyot, yule yule aliyeteleza kwenye utepe wa Chicago mwaka 2006, akaanguka chali huku akivuka na bado akawa mshindi. Wa pili ni Robert Kiprono Cheruiyot, aliyemzidi mwenzake ujana kwa miaka kumi hivi. Waandishi wa michezo wa ng'ambo, kwa kutaka kuwa makini, waliandika "Robert K. Cheruiyot". Makini gani hayo! Wote wawili ni K. Herufi hiyo moja ndiyo iliyofuta tofauti pekee ambayo majina yao yalikuwa yakiisema waziwazi. Kipkoech ni mtoto wa kiume aliyezaliwa kunapambazuka. Kiprono ni aliyezaliwa jioni, mbuzi na kondoo wanaporudi zizini. Mmoja ni wa alfajiri na mwenzake ni wa machweo, na katikati yao kuna mchana mzima. Lakini jina la katikati kwa Mzungu ni pambo tu. La maana ni la mwisho. Kwa Mkalenjin mambo yalikuwa kinyume.

Wala hilo halikuanzia Boston. Hezekiah Kipchoge Keino, aliyeshinda mita 1,500 mjini Mexico mwaka 1968 na mbio za kuruka viunzi na maji mjini Munich mwaka 1972, dunia nzima ilimwita Kip. Kip! Hicho si jina. Ni kiambishi awali kinachosema kwamba mwenye jina ni wa kiume, basi. Ni kama kukutana na mtu anayeitwa Mwanaidi ukaamua kumwita "Mwa" ukidhani umemfanyia urafiki. Jina lake la kuzaliwa, Kipchoge, linamtaja mtoto aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka. Miaka mingi baadaye akatokea Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki wa marathoni mara mbili, naye ni Mnandi pia, na wageni wakaanza tena kutafuta undugu. Kwa Keino, Kipchoge limekaa katikati. Kwa Eliud limekaa mwisho. Jina ni lile lile, kazi mbili, na kiunganishi cha pekee kinachojulikana kutokana na jina lenyewe ni kwamba palikuwa na ghala.

Sasa tuingie kidogo katika sarufi yake, maana hii ni safu ya lugha. Majina mengi ya kuzaliwa ya Wakalenjin huwa na kiambishi Kip- au Ki- kwa mvulana, na Chep-, Che-, Jep- au Je- kwa msichana, kulingana na lahaja na sauti inayofuata. Baada ya kiambishi huja tukio. Kibet na Chebet ni wa mchana. Kiplagat na Chelagat ni wa jua linapokuchwa. Kipkemboi na Jepkemboi ni wa usiku. Cheruiyot ni wa saa ambazo watu wamelala. Yapo pia ya hali badala ya saa: Kiprop mvua ilikuwa ikinyesha, Kipsang alizaliwa nje, Kipruto wenyeji walikuwa safarini au ugenini, Kipchirchir alikuja kwa haraka, mama hakungojea sana.

Nasikiliza zaidi kipande kidogo kinachojificha mwishoni mwa majina kadhaa: -tich. Hicho ni ng'ombe. Kiprotich na Cherotich, ng'ombe wanarudi nyumbani. Kipng'etich na Chepng'etich, ng'ombe wanaamshwa kutoka zizini. Toroitich, wakaribishwe ng'ombe. Mtu asiyejua lugha hii anaona orodha ya majina magumu kutamka. Anayeijua anaona siku nzima ya mfugaji ikipita, kuanzia zizi kufunguliwa hadi kufungwa. Taifa lisilokuwa na saa ya ukutani liliifanya mifugo kuwa akrabu.

Na majina haya ni kumbukumbu ya historia kuliko tunavyodhani. Mkenya wa kwanza kabisa kupata nishani ya Olimpiki alikuwa Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho, aliyeshika nafasi ya tatu katika mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964 na ya pili Mexico mwaka 1968. Kiprugut ni mtoto wa wakati wa njaa. Kila wimbo wa sifa aliopigiwa ulikuwa ukiitaja njaa fulani bila mwimbaji kujua. Halafu kuna Kipchumba na Jepchumba. Chumbek ni Wazungu. Mtoto huyo alizaliwa Mzungu akiwa karibu, au hospitalini kwa Wazungu. Jina hilo haliwezi kuwa la kale sana. Lilipanda mlima pamoja na reli, misheni na mashamba ya walowezi. Leo tunaye Kipchumba Murkomen katika siasa na Abel Kipchumba aliyeshinda nusu marathoni ya New York mwaka 2024, na sidhani kuna anayewaza habari za mkoloni anapoyasoma majina hayo.

Kuna jina jingine la utotoni ambalo halifiki kwenye kitambulisho. Wakongwe humtajia mtoto mchanga majina ya mababu waliokufa, mmoja baada ya mwingine, hadi apige chafya. Jina lililotajwa chafya ilipotoka ndilo la babu aliyerudi. Hilo hubaki nyumbani. Kama tungekuwa tunatafuta jina linalomfunga mtu na ukoo wake, hilo ndilo lingestahili kuandikwa kwenye pasipoti. Serikali haikuuliza chafya.

Serikali ilichouliza ni jina la baba, na hapo ndipo neno arap lilipoingia makaratasini. Arap ni "mwana wa", kama bin ya Kiswahili kilichopokewa kutoka Kiarabu, kama ole ya Wamaasai tunayoisikia katika jina la marehemu William ole Ntimama, kama wa ya Wakikuyu katika Koigi wa Wamwere, aliyewahi kuwa mbunge hapa Nakuru Kaskazini na baadaye Subukia. Hata neno letu sanifu ubini limetokana na hiyo bin. Ila arap ilikuwa na sharti lake. Mvulana hakuwa arap fulani tangu kuzaliwa. Aliitwa Kip- hiki au kile hadi apite jandoni. Akitoka huko akiwa mwanamume, aliitwa arap pamoja na jina la baba lililovuliwa kiambishi. Mwana wa Kiprono akawa arap Rono. Mwana wa Kipkoech akawa arap Koech. Mwana wa Kiprotich akawa arap Rotich. Ndiyo maana Bonde la Ufa limejaa akina Rono, Koech, Rotich, Korir, Bett, Lagat na Sang: ni majina ya akina baba yaliyopunguzwa kichwa.

Kwa utaratibu huo jina liliishi vizazi viwili tu. Baba Kiprono, mwana arap Rono, mjukuu arap kitu kingine. Halikukusudiwa kurithiwa kama shamba. Nisiseme kwamba kanuni ilishika kila mahali kama msumari. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyepigwa risasi na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, alikuwa mwana wa Kimnyole. Na mwanawe Koitalel, aliyefungwa na wakoloni kwa miaka mingi, anajulikana kama Barsirian arap Manyei. Baba, mwana na mjukuu, na hakuna jina la mwisho linalofanana. Mwanafunzi wa historia anayetafuta "ukoo wa Samoei" katika faharasa ya kitabu atawapoteza wote.

Lakini mfano unaoeleza jambo hili kwa uwazi zaidi uko Kabarak, mwendo mfupi kutoka mjini Nakuru. Huko alizikwa Februari 2020 Rais wa pili wa Kenya. Alizaliwa Sacho, Baringo, mwaka 1924, akaitwa Toroitich, yaani wakaribishwe ng'ombe. Daniel alilipata kwa wamisionari alipobatizwa. Baba yake, aliyefariki mtoto akiwa na miaka minne, aliitwa Kimoi arap Chebii. Toa Ki-, ibaki Moi, nalo linahusiana na moita, yaani ndama. Basi tazama mnyororo: babu Chebii, baba Kimoi arap Chebii, mwana Toroitich arap Moi. Kiungo kinachofuata kilipaswa kuwa arap Toroitich.

Na kweli kilitokea, lakini kwa sehemu. Mwanawe mmoja, dereva wa mbio za magari, alijulikana nchini kote kama Jonathan Toroitich hadi alipofariki mwaka 2019. Watu wengi walikuwa hawajui kwamba ni mtoto wa Rais. Ndugu zake, Gideon aliyekuwa seneta wa Baringo na Raymond aliyekuwa mbunge wa Rongai katika kaunti hii yetu, ni Moi. Ndugu wa baba mmoja, mmoja anatumia ubini kwa mtindo wa wazee, wengine wanatumia jina la babu yao kwa mtindo wa pasipoti. Sioni mahali pengine ambapo mifumo miwili imekaa meza moja namna hiyo. Maoni yangu ni kwamba baada ya mwaka 1978 mnyororo haukuweza tena kusonga mbele, hata kama familia ingetaka. Moi lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye noti za fedha, kwenye barabara kuu ya Nairobi, kwenye uwanja wa michezo wa Kasarani, kwenye chuo kikuu kilichoanzishwa Eldoret mwaka 1984. Nani angeliacha jina kama hilo ati kwa sababu ni zamu ya Toroitich? Hivyo ndama wa Sacho akawa ukoo.

Kwa watu wa kawaida mnyororo ulikatwa mapema zaidi, na chombo kilichoukata kilikuwa cha chuma. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, karatasi iliyotiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni, yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Nakuru ilikuwa kitovu cha mashamba ya walowezi, kwa hiyo huku kipande hakikuwa habari ya kusikia. Karani wa shamba la Njoro au Molo alikuwa na mistari miwili ya kujaza, na mbele yake amesimama Mkipsigis ambaye jana alikuwa Kip- na leo, baada ya jando, ni arap. Aandike lipi? Aliandika alilosikia, kwa tahajia aliyoweza, na aliloandika likabaki. Shule za misheni zikaongeza Daniel, William na Wilson mbele. Mtoto alipopelekwa darasa la kwanza, mwalimu aliuliza "jina la baba", akapewa lile la kwenye kipande, na hapo ukoo mpya ukazaliwa katika rejesta.

Wanawake waliingia kwa mlango mwingine. Arap haiwahusu. Kwa muda mrefu hawakuandikishwa kabisa, hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 sheria ilipobadilishwa wakaanza kupewa vitambulisho. Walipoandikishwa, walipewa jina la baba au la mume hivi hivi, na kiambishi chake cha kiume juu. Angalia Faith Chepng'etich Kipyegon, aliyekulia Ndabibit, upande wa Keringet katika kaunti ya Nakuru, na ambaye ameshinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki tatu mfululizo, 2016, 2020 na 2024. Yeye ni Chepng'etich, msichana wa saa ya kuamsha ng'ombe. Kipyegon ni jina la mwanamume. Watangazaji wa televisheni wanapopaza sauti "Kipyegon! Kipyegon!" katika mita mia za mwisho, kisarufi wanamshangilia mzee aliyebaki nyumbani Kuresoi. Kwa upande mwingine Beatrice Chebet, aliyeshinda mita 5,000 na 10,000 mjini Paris mwaka 2024, amebeba mwishoni jina lenye kiambishi cha kike, na kiambishi hicho hicho kimekaa juu ya mwanamume, Evans Chebet, mshindi wa Boston mwaka 2022 na 2023. Naye Cheruiyot wetu tuliyeanza naye? Che- mbele, na bado ni jina la kiume tangu zamani. Lugha haikosi mianya.

Nimesema karani aliandika alilosikia. Karani wa kimataifa hakuwa bora zaidi. Kesi iliyosikizwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu mjini The Hague hadi ilipokatizwa Aprili 2016 iliitwa kwa majina ya William Samoei Ruto na Joshua Arap Sang, na Arap kuandikwa kwa herufi kubwa, kana kwamba ni jina la ubatizo lililofuata Joshua. "Bwana Mwana-wa." Na huyo Ruto mwenyewe, ambaye majina yake kamili ni William Kipchirchir Samoei arap Ruto, ni mwana wa Daniel Cheruiyot. Naam, Cheruiyot. Ukifuata hesabu ya ubini ungemtafuta mahali pengine kabisa.

Jina Ruto limewahi kuchezea hata siasa za eneo hili. Isaac Ruto alikuwa gavana wa kwanza wa Bomet na mwenyekiti wa Baraza la Magavana, wakati ambapo William Ruto alikuwa Naibu wa Rais. Wawili hao walitofautiana hadharani kuhusu fedha za kaunti, na Isaac akaunda chama chake, Chama Cha Mashinani. Nje ya Bonde la Ufa nilisikia watu wazima wakisimulia ugomvi huo kama wa ndugu wawili wanaogombania urithi. Mmoja ni wa Uasin Gishu, mwingine wa Chepalungu. Kinachowaunganisha ni kwamba mahali fulani katika vizazi vya kila mmoja, kuna Kipruto aliyezaliwa watu wakiwa safarini.

Wasomaji wa Bahati, Njoro na Subukia watasema nimewasahau. Sijawasahau, ila mambo yao yanahitaji safu yake. Kwa kifupi, Wakikuyu wa Nakuru nao walikuwa na mnyororo, lakini wao waliupinda ukawa duara: kifungua mimba wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo majina hurudi kila baada ya vizazi viwili. Kariuki humaanisha aliyefufuka. J.M. Kariuki, aliyezaliwa katika mashamba ya walowezi ya Bonde la Ufa na kuuawa Machi 1975, na G.G. Kariuki wa Laikipia, walishiriki jina na bunge, basi. Duara hilo nalo linakatika siku hizi. Gavana wetu Susan Kihika ni binti wa Dickson Kihika Kimani, mwanasiasa mashuhuri wa Nakuru wa miaka ya 1970. Kimani halikumfikia binti. Kihika ndilo lililobaki kuwa jina la mwisho. Na kwa kuwa tuko Nakuru, niongeze kwamba hata jina la kifamilia la kizungu linalojulikana zaidi katika kaunti hii si jina la ukoo. Delamere ni jina la cheo. Mlowezi yule wa Njoro na Soysambu aliitwa Hugh Cholmondeley, na Waingereza wenyewe hulitamka "Chamli". Tusichekwe sisi peke yetu kwa Chepng'etich.

Labda mtu atasema haya ni mambo ya kufurahisha tu, ya kupiga soga. Nakuru hatuwezi kusema hivyo. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika mjini humu na Naivasha, vijana walifunga barabara, wakasimamisha magari, wakadai vitambulisho. Hawakuwa wakitazama picha. Walikuwa wakisoma jina la mwisho. Nchini kote zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika miezi ile miwili. Jina lililotungwa na mama au shangazi kusema kwamba mvua ilikuwa ikinyesha, au kwamba babu amerudi, lilisomwa kama tangazo la upande. Waliosoma hawakujua kwamba Koech hawezi kumwambia chochote kuhusu Koech mwingine, hata kama ni wa nyumba, wa kijiji au wa chama gani. Hata lile jina kubwa walilodhani linawakusanya akina Koech wote, Kalenjin, ni la juzi. Lilishika katika miaka ya 1940, likitokana na msemo wa kawaida wa "nakuambia".

Tangu siku hizo nimeona jambo ambalo wataalamu wa lugha watalipima baadaye. Kuna wazazi mjini humu, hasa wa ndoa za kuchanganya, wanaomwandikisha mtoto kwa majina mawili ya Kizungu pekee, ili asiyemjua asijue pa kumweka. Siwalaumu. Wengine wamefanya kinyume: wameyarudisha majina ya saa kwa nguvu, na wameyaweka mbele, mahali pa Daniel na William. Nawajua pia walioandika jina la ukoo kwa maana yake halisi, la ukoo wa babu, likiwa la kwanza la aina hiyo katika familia yao.

Utata haujaisha hata hivyo. Mtoto anayezaliwa leo saa sita mchana katika hospitali ya mjini, akiwa na baba aitwaye Cheruiyot, ataandikwa Cheruiyot, aliyezaliwa watu wamelala. Ikiwa nyanya yake amefika wodini kabla fomu haijajazwa, ataingizwa Kibet hapo katikati, na saa itakuwa sahihi. Fomu ina nafasi ya kutosha. Kisha atakua, ataanza kukimbia au kugombea viti, na mtu mahali fulani atamwandika K.